Chupa Yenye Soksi ya Kijani

CHAMA CHA WAONJAJI WA MVINYO MWEKUNDU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MWEZI WA SITA: MVINYO WA AUSTRALIA

Siku: Jumamosi, saa kumi na moja jioni
Mahali: Chumba cha kusubiria wagonjwa, kliniki ya meno ya Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti – daktari wa meno
Makamu Mwenyekiti – mwoka mikate, kaka wa marehemu mke wa Mwenyekiti
Mjumbe – fundi cherehani
Mjumbe – dalali wa nyumba
Katibu – mfamasia, mwandishi wa kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA
Mjumbe – mwalimu wa kemia (kwa taarifa: ana mafua. Katibu anampongeza kwa kubaki nyumbani. Wapo wanaokuja hivyohivyo.)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao mara tu mgonjwa wa mwisho alipotoka akiwa ameshika shavu. Fundi Cherehani aliomba madirisha yafunguliwe, kwani chumba kizima kilinuka mafuta ya karafuu na hakuna mvinyo ambao ungeweza kunuswa humo. Mwenyekiti alisema yeye haoni tatizo. Madirisha yalifunguliwa.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Suala la marashi. Dalali alikumbushwa kwamba kikao kilichopita alikuja amejimwagia marashi mpaka mvinyo wote ukawa na harufu ya harusi. Dalali alijibu kwamba alikuwa ametoka kwa mteja, na kwamba Mwenyekiti, aliyekaa naye bega kwa bega, hakulalamika hata kidogo.

Makamu alisema, "Hilo ndilo ninalotaka liandikwe." Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/6: UTARATIBU WA KUZUNGUMZA
Makamu alieleza kwamba tangu chama kianzishwe na Mwenyekiti na marehemu mkewe, Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akionja na kusema wa kwanza. Tangu msiba ule, anasema wa mwisho, na kila anachosema kinakuwa kimeshasemwa na wengine. Alitoa hoja kwamba leo Mwenyekiti aseme wa kwanza, na akishindwa aachie kiti.

Fundi Cherehani alisema hoja hiyo ni ya kikatili. Makamu alisema ni ya kikatiba. Katibu hana kura, jambo ambalo jana alikuwa akilinung'unikia na leo alilishukuru.

Mwenyekiti alisema, "Shemeji, nyumbani sina tena mtu wa kuongea naye mezani. Mkiniondolea na Jumamosi hii, nitabaki na nini?"

Makamu alijibu, "Sijasema uondoke. Nimesema useme kwanza."

Mwenyekiti akasema, "Haya. Lete chupa."

KUMB. NA. 4/6: KUONJA
Kwa faida ya wanachama wapya: chupa za chama huvalishwa soksi za sufu, ili mtu aonje mvinyo na siyo karatasi iliyobandikwa. Soksi zote zilifumwa na marehemu. Chupa ya leo, yenye ile ya kijani, aliivalisha kwa mkono wake mwenyewe, na mvinyo wake haukuwa siri kwa yeyote: ni wa zabibu za Shiraz kutoka Bonde la Barossa, aliouweka akasema ufunguliwe na watu wakiwa wamekaa pamoja, ila usifunguliwe msibani.

Utaratibu ni kwamba anayezibua chupa ananusa wa kwanza, na akikuta mvinyo umeharibika anatangaza, chupa inawekwa pembeni. Makamu alizibua. Alinusa. Akamimina.

Katibu alisogeza glasi puani na kukuta harufu ya boksi lililonyeshewa. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo. Hakuna harufu ya tunda iliyobaki humo. Dalali alikohoa. Wajumbe wote waliinamia glasi zao, maana hakuna aliyetaka uso wake uonekane.

Mwenyekiti alizungusha glasi, akafumba macho, akanusa kwa utulivu. Alisema:

"Zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka. Nyuma yake pilipili manga, halafu chokoleti, ile chungu. Na mwisho kabisa, kama vile mtu amepita nje ya dirisha na majani ya mkaratusi mkononi."

Alieleza vizuri kiasi kwamba Katibu alinusa tena, akitumaini kwamba amekosea. Lilikuwa boksi lilelile. Katibu alisikia huzuni, na anaomba hilo nalo libaki kwenye kumbukumbu.

Mwenyekiti alifumbua macho na kututazama mmoja mmoja, kama anavyomtazama mgonjwa anayesema jino haliumi.

"Imeharibika?"

Fundi Cherehani alisema, "Imeharibika, daktari."

"Inanukaje?"

"Boksi lililonyeshewa."

Mwenyekiti alieleza kwamba homa iliyompata baada ya mazishi iliondoka na pua yake. Ulimi bado unajua utamu, uchachu na ukakasi. Harufu haisikii kabisa, iwe ya mvinyo, ya marashi au ya karafuu ya kliniki yake mwenyewe. Maneno aliyoyasema hayakuwa yake. Ni ya marehemu, siku walipoonja pamoja chupa ya kwanza ya mvinyo huohuo.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Fundi Cherehani alimuuliza Makamu kama hakunusa alipozibua. Makamu alisema mwanga ulikuwa hafifu. Fundi Cherehani alisema pua haihitaji taa.

Makamu alisema, "Nilijua. Nikasema ngoja." Dalali aliomba Katibu aandike maneno laini zaidi. Katibu alikataa.

Makamu aliendelea, akijifuta macho: "Chupa ya dada yangu, nimeigeuza mtego wa kumnasa mumewe." Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Lakini na wewe, shemeji, mwaka mzima tunakaa meza moja, hata kuumwa hukuniambia!"

Mwenyekiti alijibu, "Ungenihurumia. Sikutaka huruma, nilitaka Jumamosi."

Makamu aliondoa hoja yake. Mwenyekiti alisema hoja ilikuwa halali, wala haiondolewi kwa machozi. Aliachia kiti, na Fundi Cherehani akaombwa kukikalia kwa muda. Alikubali bila furaha.

Kuhusu chupa, Dalali alipendekeza imwagwe kwenye sinki. Daktari aliichukua, akarudisha kizibo, akaivalisha soksi yake taratibu mpaka shingoni.

Makamu aliuliza anaipeleka wapi.

"Nyumbani," alijibu. "Kwenu imeharibika. Kwangu bado nzima."

Makamu aliuliza kama anaweza kufuatana naye. Daktari alimwambia achukue glasi yake.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA KIKAO
Mvinyo wa pili wa siku hiyo, Cabernet wa Coonawarra, haukufunguliwa. Umerudishwa kabatini na soksi yake. Waliobaki waliosha glasi na kufunga madirisha. Kikao kilifungwa saa moja kasoro robo jioni.

………………………
Fundi Cherehani
Mwenyekiti wa muda

………………………
Mfamasia
Katibu