Rangi Octave Hajaiona

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024

Haya. Haya tupu. Sijui hata nianzie wapi.

Rosine alirudi toka masomo, nikamutuma kuosha sahani nyuma ya nyumba. Alikawia. Nikaita – kimya. Nikaenda kuangalia. Mutoto amechutama mbele ya beseni, anajisugua uso na muchanga na sabuni ya unga. Mashavu yanatoka damu! Nikamushika mikono. Unafanya nini, Rosine? Akasema ninatoa weusi, mama. Nani alikufundisha? Hakuna mutu. Na wewe unatoa ya kwako kila asubuhi.

Ana miaka nane.

Nikamuosha na maji safi, nikamupaka mawese kidogo. Hakulia. Mimi ndiye nililia, na machozi yenyewe yakaniunguza, sababu ngozi yangu ya uso imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nimekumbuka. "Rosine, toka kwa jua, utakuwa mweusi kama masizi ya chungu!" Ni kinywa changu kilisema. Tena si mara moja. Tena nilikuwa nacheka.

Nilianza kujichubua niko msichana, kabla Octave hajaniona. Alinioa niko hivi. Mpaka leo akipiga telefoni toka Salamabila, kule anakouzia wachimba zahabu makoleo na betri, ananiita brune yangu, mweupe wake. Rangi niliyozaliwa nayo hajaiona hata siku moja. Yeye ni maji ya kunde. Rosine akazaliwa mweusi, watu wakauliza, mutoto huyu weusi huu alitoa wapi? Mimi ninaangalia pembeni. Alitoa kwangu!

Asubuhi nimetupa kopo la melanji, yale mafuta ya kujichubua, ndani ya choo. Nimesikia linaanguka. Nimeacha. Kabisa!

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Uso unawaka moto. Macho yamevimba, shingo inawasha, hata upepo unauma.

Sokoni Safia aliniangalia sana. Meza yake inagusana na yangu – mimi samaki ya chumvi, yeye sabuni, mafuta, na ile melanji anayoikoroga mwenyewe ndani ya ndoo. Dada, nini kimekupata? Nikasema malaria. Uongo ulitoka haraka, kama ulikuwa unangoja mulangoni. Safia akasema malaria gani hii, umeacha mafuta wewe, utarudi tu, wote wanarudi. Hakusema kwa ubaya. Alitoa kopo chini ya meza akalisukuma upande wangu. Nikalirudisha.

Ndipo nikaona mikono yake. Rangi moja, toka bega mpaka kucha. Miaka yote tumekaa bega kwa bega, sikuwa nimeangalia! Nikauliza, na wewe, haujipaki?

Akacheka. "Mimi? Aa, dada. Mimi ninauza."

Alhamisi, tarehe 26 Septemba

Nimeshindwa, nimeenda kituo cha afya na Rosine. Muganga Zéphirin aliuliza ninajipaka nini. Nikasema mawese tu. Mulango ulikuwa wazi, wamama kwenye benchi wote masikio juu. Yeye hakubishana. Alishika mukono wangu, akaugeuza, akaangalia vifundo vya vidole – vyeusi tii, na mukono mwekundu. Akasema kwa sauti ya chini: mama, vidole vinanijibu ingine.

Nilitamani ardhi inimeze.

Alieleza. Ile melanji iko na dawa kali ndani, inakula ngozi polepole. Siku mutu akipasuliwa, kidonda hakishiki nyuzi. Sasa ngozi itakasirika kwanza, ndipo itulie, na itachukua miezi. Nisikae kwa jua. Nisirudie. Akamwona Rosine na magamba ya vidonda kwenye mashavu. Na huyu? Nikasema alianguka njiani.

Rosine aliniangalia. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Weusi unarudi vipande vipande. Paji la uso, shingo, pembeni ya mudomo. Kama kitenge kilichomwagikiwa javel, ikala rangi.

Mkubwa wa kwaya alisema leo nisimame nyuma, wazuri wa sauti nyembamba wakae mbele. Mimi ndiye sauti nyembamba! Nilisimama nyuma. Niliimba mudomo tu.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Octave amepiga. Biashara inaenda, atakuja mwisho wa Novemba. Akaomba foto: tuma, brune yangu, nionyeshe wenzangu hapa. Nikatuma ile ya mwaka jana, niliyovaa kitambaa cha njano.

Rosine alikuwa nyuma ya bega langu. Akasema, mama, huyo si wewe. Nikamwambia anyamaze. Kwa ukali sana, mpaka majirani walisikia.

Ijumaa, tarehe 25 Oktoba

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Nilinunua tena. Safia hakunicheka, hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alifunga kopo ndani ya saketi nyeusi ya plastiki kama mutu anayefunga nyama. Nililificha ndani ya gunia la muchele. Nikajipaka asubuhi, na asubuhi nyingine. Utamu gani ule! Moto ukazimika. Uso ukapoa. Nikajiangalia kwenye kioo, nikaona ule mutu wa foto anaanza kurudi, nikafurahi. Nikafurahi!

Leo Rosine alikuja kunikumbatia kabla ya kwenda masomo. Alifika kifuani, akasimama. Akanusa.

"Mama, unanuka tena."

Akachukua mufuko wake akaenda.

Jioni sikumwona ndani. Nikasikia maji nyuma ya nyumba. Nilikimbia bila viatu, nikamunyakua toka mbele ya beseni, nikamutikisa. Mutoto akaweka mikono mbele ya uso, alifikiri ninamupiga.

"Si uso, mama! Ni sahani. Ni sahani tu!"

Na kweli ilikuwa sahani. Imevunjika sasa.

Jumamosi, tarehe 26 Oktoba

Kopo lile pia limekwenda chooni. Sikuapa leo. Nilishaapa, na viapo vyangu vinajulikana.

Nilimukalisha Rosine juu ya mukeka. Nikamwambia: weusi wako ni wangu. Ulitoa kwangu. Mimi niliuficha. Akasema uongo. Nikasema haki ya Mungu. Akasema basi nionyeshe.

Nikafungua kitambaa cha kichwa. Nyuma ya sikio, karibu na nywele, ngozi mpya imeshatoka, safi, haina alama. Aliangalia. Akaleta mukono wake, akaulaza pale, ngozi kwa ngozi. Halafu – "Ni sawasawa!" Akapiga mbio nje kuita watoto wa jirani. Wakaja wote, wakapanga mustari, kila mumoja akachungulia nyuma ya sikio la mama wa watu. Haya ilinishika. Lakini sikufunga kitambaa.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Sura imetulia. Haiwaki tena. Rangi bado ni ya kuchanganyika, lakini ninalala vizuri. Niliona pia kitu – zamani nilikuwa nakimbia jua, natembea ukutani ukutani kama mwizi. Leo nilikatiza katikati ya soko, sikukumbuka jua mpaka nilipofika.

Muteja mumoja wa zamani alisimama mbele ya meza, akaniuliza mimi: ule mama mweupe aliyekuwa anauza samaki hapa iko wapi? Safia aliinama, akajifanya anatafuta kitu chini. Mimi nikajibu, alisafiri. Akanunua samaki akaenda.

Tulicheka na Safia mpaka machozi. Halafu nilipobaki peke yangu sikucheka.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba

Octave iko njiani, amefika Wamaza. Mvua imeharibu barabara, pikipiki imekwama kwenye matope. Kesho, Mungu akipenda. Nimeosha nyumba. Nimetwanga majani ya sombe.

Jumapili, tarehe 1 Desemba

Amefika.

Tulisikia pikipiki, Rosine akaruka. Nilitoka, nikasimama mulangoni. Octave alimubeba mutoto, akamuzungusha, akampa mukono dereva, akapitisha macho juu yangu kama mutu anapitisha macho juu ya jirani aliyekuja kusalimia. Akamuuliza Rosine: mama iko wapi?

Rosine akanionyesha na kidole.

Macho yakarudi. Matope yalikuwa yamemukauka mpaka kwenye nyusi. Alikawia sana. Mwisho akasema, "Mama Rosine... uliugua? Kwa nini hamukuniambia?"

Rosine ndiye alisema: mama haiko mugonjwa, papa, ni rangi yetu. Octave akacheka kidogo, kicheko cha mutu ambaye hajaelewa, akaingia ndani. Alikula bukari na sombe. Akasifu sombe. Kila nilipoweka kitu mezani aliangalia mikono yangu.

Halafu akavuta begi, uso wake ukafunguka, kama amepata jibu. Akasema: "Nilijua! Ile foto ilikuwa ya zamani, kitambaa kile uliniambia panya walikikula. Nikasema moyoni, bibi yangu kreme imemuishia, anaona haya kuniomba." Akatoa maboksi. Matatu. Mutu alimuletea toka Bujumbura, alisema, ya kwelikweli, si ya kukoroga kwa ndoo. Akayapanga mezani, moja, moja, polepole, na kila moja iko na picha ya mwanamuke mweupe anayecheka. "Sasa utapona," akasema. Alinigusa shavu. Kwa upendo – ndiyo shida, ni kwa upendo!

Mimi nikasema nini? Nikasema aksanti.

Sasa Octave anaoga nyuma ya nyumba. Niko jikoni, ninaandika juu ya goti. Rosine ameingia. Ameshika boksi moja, analigeuza, anasoma herufi kwa shida. Ameniuliza: mama, hii ni ya nani?

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika.

Anangoja. Amesimama pale mbele yangu na boksi mukononi. Huko nyuma maji yameacha kumwagika.