Mvua ya Mechi ya Tatu

Lipova, Texas
Jumatatu, 13 Mei 2019

Mdogo wangu Ladislav,

Mimi Alois Zapalac nina miaka themanini na mitatu na kamba za viatu bado nafunga mwenyewe. Nimeishi kuliko kiwanda cha kuchambua pamba, kuliko mapadre watano, kuliko mafuriko makubwa na kiangazi kikubwa, kuliko Rozina wangu Mungu amlaze pema, na kuliko yule daktari aliyenikataza mafuta ya nguruwe. Yeye kafa, mafuta bado nayala. Nakuambia haya ujue anayekuandikia si mtu wa kutishwa na kijimji chenu.

Haya, hujambo lakini? Tilda na kiuno chake? Mimi mzima, ila sikio la kulia nalo limemfuata mwenzake wa kushoto, sasa sisikii hata kengele ya kanisa. Simu nimewaachia watoto. Wewe andika, Milton wa gari la mikate ataleta. Anatoka kwenu asubuhi, mchana yuko kwetu, jioni anarudi kwenu kulala.

Habari yenyewe unaijua, lakini ngoja uipate kwa mwenyewe. Vijana wetu wa besiboli wameingia raundi ya tatu ya mtoano, na wanaokutana nao ni hao Wajerumani wako wa Schulenfeld, Wajerumani tangu babu zao wavuke bahari. Ulipomwoa Tilda ukahamia huko nilikuonya kwamba siku hii itakuja.

Sasa sisi mrushaji wa kuwashinda wapiga gongo tunaye mmoja, mjukuu wangu Tanner, mkono wake bunduki. Ninyi mnao watatu. Basi Kocha Garza wetu akataka mechi moja, yafe yaishe. Kocha wenu akataka mechi tatu, atakayeshinda mbili apite. Kila mmoja kakaza shingo, na makocha wasipopatana sheria inasema irushwe sarafu. Walikutana kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, juu ya boneti ya gari, na mimi nilikuwepo, nani angenizuia? Nikamwambia Garza, “Sema kichwa. Mimi maisha yangu yote nasema kichwa.” Akasema kichwa. Sarafu ikaruka, ikabingirika chini ya gari, kocha wenu akalala kifudifudi na shati lake jeupe kuisoma.

Mkia. Usicheke.

Basi ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Lipova haijawahi kuvuka raundi hii tangu shule ijengwe. Ninyi mmevuka mara ngapi sitaki kujua. Mimi nataka kuona mara moja tu, kwa macho haya, maana masikio yametangulia. Nikishaona, Mungu ananiita anapotaka, mradi asiniite wakati wa kukata nyasi.

Kaka yako mkubwa,
Alois


Schulenfeld
Jumanne, 14 Mei 2019

Kaka Alois,

Salamu zako zimefika na matusi yake yote, nashukuru. Mimi na Tilda hatujambo. Kiuno chake kimepona, sasa anapanda ngazi kuliko mimi. Anasema yeye alijionya mapema kuhusu ukoo wa Zapalac, akajipuuza mwenyewe.

Kuhusu sarafu sikucheka. Nilicheka nilipofika pale pa shati jeupe, na nilicheka mpaka Tilda akaniletea maji.

Kaka, jiandae. Tanner ni mrushaji mzuri, damu yetu ile, siwezi kusema uongo. Lakini sheria ya mkono unaijua. Akirusha mipira mingi Alhamisi, lazima apumzike siku nne ndipo arushe tena. Ijumaa mtamweka nani? Jumamosi mtamweka nani? Padre? Vijana wetu wamevimba vifua, na mji mzima umepaka madirisha rangi ya kijani. Kofia yangu ni ya kijani pia, usiniangalie vibaya tukikutana, nimekaa hapa miaka hamsini na wanangu wote wamesoma hapa.

Nitakaa upande wetu, wewe kaa upande wenu. Mechi ikiisha njoo tule soseji.

Mdogo wako,
Ladislav


Lipova
Jumapili, 19 Mei 2019

Mdogo wangu Ladislav,

Ee bwana ee! Umelala? Mimi sijalala! Hali yangu ni njema kupita kiasi, natumaini yako ni mbaya kidogo tu.

Alhamisi uliona mwenyewe. Wapiga gongo wenu walikuwa wanakata upepo kama wanafukuza nyuki! Yule mnene wenu alizunguka na gongo lake mpaka akaketi. Nilikuonyesha kofia yangu ng'ambo ya uwanja, ukajifanya unafunga kiatu. Sita kwa moja!

Ijumaa sitaki kuiongelea. Ijumaa haikuwepo.

Lakini Jumamosi! Tanner haruhusiwi kurusha, mkono unapumzika, basi Garza akamweka kulinda kituo cha kwanza, maana gongo lake tunalihitaji hata mkono ukilala. Na huyu Garza nilikuwa namdharau, mtoto wa juzi, sasa nimemvulia kofia. Tanner ni mzito wa miguu, kamrithi mama yake. Zamu ya pili kapiga vizuri, kafika kituoni, Garza akamtoa akamwingiza kijana mmoja mfupi akimbie badala yake. Kijana kazunguka vituo vyote mpaka cha nyumbani, pointi! Kisha Tanner akarudi kulinda kituo chake. Zamu ya nne mchezo ule ule, Tanner kapiga, katolewa, safari hii kijana mwembamba kakimbia, pointi tena! Nilipiga kelele mpaka meno ya chini yakatoka, Padre Kubena akayaokota.

Tatu kwa tatu, zamu ya tano, ninyi mnapiga, mtu wenu yuko kituo cha pili, na mbingu ikapasuka. Unakumbuka ile mvua? Kama ndoo! Refa kawatoa watoto, tukangoja, uwanja ukawa ziwa.

Sasa sikia utamu wake. Mechi haianzi upya. Imelala pale pale ilipokatwa, pointi zile zile, mtu wenu kituo cha pili vile vile. Jumapili shule hazichezi, Jumatatu uwanja haujakauka, inaamshwa Jumanne jioni. Na Jumanne, mdogo wangu, mkono wa Tanner utakuwa umemaliza mapumziko yake! Anarusha! Mungu mwenyewe kamwaga maji kwa ajili ya Lipova! Garza kaniambia kwa kuniandikia kwenye kiganja chake, TANNER ANARUSHA. Mji mzima unajua. Mama mwenye duka la kolachi, vile vikate vyetu vitamu, kaoka za jamu ya aprikoti na kaandika jina lake juu kwa sukari.

Mwambie Tilda apike soseji nyingi. Wenye majonzi hula sana.

Kaka yako mkubwa mwenye furaha,
Alois


Schulenfeld
Jumatatu, 20 Mei 2019

Kaka yangu Alois,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kitini. Kama umesimama, kaa.

Milton kaniletea yako jioni hii, nimeisoma mara mbili, kisha nimetoka kwenda kuwalisha kuku ambao nilikuwa nimeshawalisha. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Tilda kaniwekea karatasi na kalamu mezani, na wewe unamjua Tilda.

Kaka, Tanner hawezi kurusha Jumanne. Mkono umepumzika, ndiyo, macho yenu yote yako kwenye mkono. Lakini mchezaji aliyeanza mechi anaweza kutolewa na kurudi mara moja tu. Akitolewa mara ya pili hana ruhusa ya kurudi mpaka mechi iishe. Na umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba Jumamosi katolewa mara mbili. Mvua haifuti hilo. Mechi ni ile ile moja, imelala tu.

Kocha wetu analijua. Jana kanisani alikuwa anatabasamu kama paka aliyekaa karibu na maziwa. Hatasema neno. Atamwacha Tanner apande kilima cha mrushaji, arushe mpira mmoja, kisha atamwendea refa taratibu. Hii ni mtoano, asiyeruhusiwa akirusha, mechi inapewa upande wa pili, na rufaa hakuna. Mtoto amalize shule yake hivyo? Na jina ni Zapalac.

Mwambie Garza. Usimwambie kayatoa wapi. Hapa wakijua ni mimi hata salamu sitapata tena, na wajukuu wangu wawili wako kwenye timu hiyo. Barua hii ichome.

Jumanne sitakuja uwanjani. Siwezi kukaa upande wowote.

Mdogo wako,
Ladislav


Lipova
Jumanne, 21 Mei 2019, mchana

Ladislav,

Milton ananingoja nje injini inawaka kwa hiyo ni fupi. Mwongo! Mjerumani! Ulikuwa unaniibia mayai ya bata ukiwa na miaka sita na sasa unataka kuniibia mrushaji. Hamwezi kumpiga Tanner ndiyo maana mnataka akae benchi. Naenda kwa Garza sasa hivi kumwambia hila zenu tucheke wote.

Sikutakii hali njema.

Alois


Lipova
Jumatano, 22 Mei 2019

Mdogo wangu Ladislav,

Salamu kwako na kwa Tilda, salamu nyingi, na kwa kuku pia. Mimi mzima, meno yote mahali pake.

Matokeo redio imekwisha kukuambia, lakini redio haina macho. Tulia nikueleze.

Nilimkuta Garza kwenye chumba cha magongo. Hila zenu niliziweka akiba, nikaanza na ile sheria yenyewe, eti aliyetolewa mara mbili harudi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaketi juu ya ndoo ya mipira, akawa mweupe kama unga, midomo ikawa inahesabu. Nikaacha kucheka mimi pia. Kisha akainuka akaenda kumwambia Tanner, na mtoto akaupiga ukuta teke, kisha akachukua glavu akaenda kumpasha mkono mwenzake bila kuambiwa na mtu. Hapo nikajua ni mjukuu wangu.

Mwenzake ni Wes Mikulenka, unamkumbuka babu yake, yule aliyeuza nguruwe yule yule mara mbili. Mpira wa Wes hauendi. Unatembea. Unakuja kama bibi anayetoka misani akisalimia kila mtu. Tulipomwona anapanda, mama wa kolachi akafunika macho kwa aproni. Lakini mimi nilikuwa namtazama kocha wenu! Lile tabasamu lilimwanguka usoni kama sahani! Akamwendea refa, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Hana la kushtaki!

Na vijana wenu, Ladislav, ambao kocha aliwaficha siri yake, siku tatu nzima walikuwa wanajizoeza kupiga mpira wa kasi wa Tanner. Wakaja na magongo yenye haraka. Mpira wa Wes bado uko njiani, wao wamekwisha kuzungusha! Yule mnene alipiga, akasubiri, mpira ukampita ndipo akashtuka! Tanner akiwa benchi anapiga ukelele, mimi sisikii kitu lakini niliiona mishipa ya shingo yake.

Mtu wenu wa kituo cha pili alibaki pale pale. Zamu ya saba, ya mwisho, tatu kwa tatu, kijana mwembamba wetu yuko kituo cha tatu, na Wes ndiye anayepiga. Garza kampa ishara, kagusa kofia, kagusa mkanda. Wes hakuzungusha gongo. Aliliweka tu, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke, mpira ukadondoka kwenye nyasi, mwembamba akarukia kituo cha nyumbani kwa tumbo, vumbi, refa kafungua mikono. Salama! Nne kwa tatu! Lipova imevuka! Nimeona! Walinibeba, mimi na kiti changu!

Wajukuu zako walicheza kama wanaume. Mdogo alilia, nikampa kolachi yenye jina la Tanner, akala.

Barua yako imo jikoni kwenye jiko la kuni, majivu. Garza aliponiuliza nimeyajuaje, nilimwambia mbele ya watu: mimi ni Alois Zapalac, besiboli naijua tangu magongo yakichongwa kwa mti wa shambani, ningesahau sheria ndogo kama ile? Niliamka usiku nikaikumbuka mwenyewe. Hakunisaidia mtu. Mji mzima sasa unanipa mkono, nami naupokea.

Njoo Jumapili na Tilda. Leta soseji, na hiyo kofia ya kijani vaa tu, nani atakugusa ukiwa kwangu.

Na akitokea mtu huko kwenu anayenong'ona kwamba Lipova iliambiwa na fulani, mwambie aje awaulize. Amuulize Kocha Garza. Amuulize Padre Kubena, alikuwa amesimama hapo hapo. Amuulize kocha wenu mwenyewe, aliyekuja kunipa mkono na kuniandikia kwenye kiganja, MZEE UNA KUMBUKUMBU. Wote watamwambia ni mimi.

Kaka yako,
Alois