Mafundo Tisa ya Halima

Mama,

Mtoto wa Halima amezaliwa. Ni msichana, ana sauti ya mnadi wa mbuzi, na mama yake ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe ukirudi kutoka kuzalisha ulikuwa ukisema kwanza nani yuko hai, ndipo uombe maji ya kunawa.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike Burat. Udongo wa kaburi ulishuka baada ya mvua, nikaongeza mawe. Kafyu bado ipo na barabara bado imefungwa, lakini sasa malori mawili kwa wiki yanaruhusiwa kwenda kaskazini, askari mbele na nyuma. Mke wangu Kanana bado hukutolea kikombe cha chai, kisha hukirudisha kabatini.

Wiki yako ya mwisho, ukipumua kwa shida, ulinipa kamba ya ngozi ya Halima jirani yetu. Ushanga mwekundu ulikuwa damu yake ya mwisho. Baada yake, fundo moja kwa kila mwezi ulioandama damu isirudi. Yalikuwa matano. "Mwenda, endelea kufunga," ukaniambia. "Siku zake zikitimia, yafunguliwe yote. Mtoto hatoki kwenye mlango uliofungwa." Nikafunga manne. Yanajulikana kwa ubaya wake.

Unakumbuka mumewe, Guyo, aliswaga ng'ombe kuelekea Biliqo, huko kaskazini, asubuhi ya Jumatatu, na barabara ikafungwa nyuma yake siku hiyo hiyo. Nilikuwa pale kwenye kizuizi cha askari, nikaiandika siku hiyo kwenye daftari langu la habari za gazeti. Mama yake Guyo naye alikuwa akihesabu miezi kwa vidole tangu Jumatatu ile. Wa tisa ulipopita na tumbo bado limesimama, alimwambia Halima mbele ya majirani, "Mwanangu aliondoka na ng'ombe. Hii mimba ilikuja na nani?" Akampa siku tatu awe amerudi kwa kaka zake, na mtoto asije akaitwa jina la Guyo.

Sikuamini wala sikukataa. Nilikwenda dispensari kumuuliza nesi. Akanieleza kwamba yai la mwanamke hutoka kama wiki mbili baada ya damu kuanza, nalo huishi siku moja tu. Mbegu ya mwanamume huweza kulisubiri siku mbili tatu. Nikamwomba arudie hapo. Kumbe mtu anaweza kuwa njiani kwenda Biliqo, vumbi la ng'ombe usoni, na mtoto wake ndiyo kwanza anaanza hapa kwetu Chechelesi. Tena akasema wakunga na madaktari huhesabu tangu damu ya mwisho, siku kama mia mbili na themanini, na wako wanaopitisha hata wiki mbili, wakazaa salama. Nilipomwonyesha kamba yako alicheka. "Huyu mzee alikuwa anafanya kazi yangu bila karatasi."

Nyumbani nilikuta wanawake watatu mlangoni. Walitaka kamba. Walisema Halima amechelewa kwa sababu mafundo manne yalifungwa na mwanamume. "Fundo la mwandishi hilo! Fungua, baba, utaua mtu!" Nilikataa. Ule ulikuwa ushahidi pekee aliokuwa nao. Lakini nilimwona Halima amekaa nyuma yao, mikono juu ya tumbo, akiiangalia kamba kama mtu anayeangalia ufunguo ulio mkononi mwa mwingine. Mama, hapo nilitikisika.

Nikaichukua mpaka kwa mama yake Guyo, na daftari langu.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Siku hizi gazeti linahesabu damu za wanawake?"

Nikamwambia daftari langu asiliamini, ashike kamba. Akahesabu kwa kidole gumba, tisa. Nikamuuliza fundo la kwanza lilifungwa lini. Nilijua anaikumbuka siku hiyo, kwa sababu ulinisimulia: yeye mwenyewe ndiye aliyemleta Halima kwako, na kibuyu cha maziwa, kusema damu ya mkwewe imepita siku zake.

"Siku ile ukuta wa choo chenu ulianguka," akasema.

Nikafungua daftari. Ukuta ulianguka wiki ya tatu baada ya barabara kufungwa, na damu wakati huo ilikuwa imekwisha kupita siku zake. Basi damu ya mwisho Halima aliiona zaidi ya wiki nne kabla, Guyo akiwa bado nyumbani.

Akarudia hesabu kutoka kwenye ushanga. Kisha akaanza kufungua. Yako yalilegea upesi. Yangu aliyang'ata kwa meno huku akinitukana kwa Kiborana, na machozi yalikuwa yakimtoka. Halima aliitwa, akakalishwa kwenye kiti kidogo, akaombwa msamaha palepale. Kesho yake mchana, uchungu ukaanza. Nesi anasema ungeanza tu. Mama yake Guyo anasema ni mafundo. Nimeandika yote mawili.

Dereva wa lori ameleta habari kwamba Guyo yuko hai Biliqo, amepoteza ng'ombe wengi. Amekwisha kuambiwa ana binti. Ushanga wako mwekundu uko mkononi mwa mtoto.

Jambo la mwisho. Mwaka mzima ulikuwa ukinitupia jicho na kuuliza, "Na wetu je?" Juzi mwezi uliandama, na Kanana akanong'ona kwamba damu yake imepita siku kumi. Mama yake Guyo alikuja na ushanga mpya, akadai kamba yako, akafunga fundo la kwanza. Ni zuri kuliko langu.

Lala, mama. Mimi nitaandika siku, yeye atafunga. Na nikisikia mtu anahesabu kwa vidole ili kumfukuza mwanamke, nitamkalisha chini nimwonyeshe kamba.

Mwanao,
Mwenda