Ngano Ndani ya Rejeta

Jumatatu, 16 Novemba 1987

Gari limechemka tena. Kutoka nyumbani hapa Ainabkoi hadi shuleni ni tambarare tupu, na bado sindano ya joto imepanda mpaka kwenye nyekundu. Nimezima kando ya njia nikangoja mvuke ukome. Watoto ninaowafundisha wamenipita wakiimba. Aibu.

Gari hili la Baba lilikuwa la zamani hata kabla hajatuachia. Dizeli, forwili, magurudumu yote manne huvuta. Halihitaji plagi wala cheche. Linaibana hewa mpaka mafuta yanashika moto yenyewe. Baba alinieleza nikiwa mdogo, na hadi leo nikiwaza jambo hilo nashangaa. Hewa tu!

Jioni amekuja mchuuzi wa mbuzi kutoka Bonde la Kerio, na habari. Mama Mkubwa, dada yake Mama, hainuki tena kitandani. Kwake ni ng'ambo ya mto, gari dogo halifiki. Mama amesikiliza huku akisafisha kibuyu cha maziwa. Kisha akaniambia nimpeleke kwa dada yake. Mama si mtu wa kuomba.

Jumanne, 17 Novemba

Kushuka si kazi. Kupanda mlima wa Tambach tukirudi ndiko kunanitisha. Agosti tulichemka pale kila kona. Maji ya kunywa yote yaliishia kwenye rejeta. Nikakitupia macho kibuyu cha maziwa, Mama akakikumbatia. Chuma hakimwagiwi maziwa, alisema, afadhali tulale njiani. Tukalala njiani.

Injini ikizidi kuchemka, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, itapinda na gari la Baba limekufa. Nisipoenda, Mama hatamwona dada yake tena. Naogopa yote mawili.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimelipeleka gari Eldoret, kwa fundi Kamau, karibu na mtaa wa West Indies. Mtu wa maneno. Mwaka jana alitoa themostati, kile kilango cha maji ya injini, akaapa shida imekwisha. Kila fundi mjini akishindwa hutoa themostati. Leo alisema ni gasketi. Halafu ni pampu. Halafu ni huku kwetu juu, maji huchemka mapema, ndiyo maana maharagwe hayaivi. Hilo la maharagwe ni kweli.

Nikamwambia aitoe rejeta yote nje. Akanuna. Akaitoa.

Tukaigeuza. Upande wa mbele umezibwa na makapi ya ngano yaliyoshikana na tope, unene wa kipande cha mkate. Nilipaswa kujua. Kila mavuno gari hili husimama nyuma ya kombaini, mashine ya kuvuna, kubeba magunia ya majirani, na sisi huosha milango na vioo tu. Injini haikuwa mgonjwa. Ilikuwa haipumui, miaka yote hiyo, na bado ikatuvuta.

Na chini kabisa, kwenye kona yenye unyevu, ngano imeota. Miche kamili, ya kijani, imesimama wima pale. Sijui iliishije mbele ya joto lile. 

"Mwalimu, kumbe uko na shamba mbili," Kamau akasema. Halafu hakucheka. Akavua kofia, akainama kutazama tena.

Ameosha rejeta mpaka mwanga ukapita. Themostati mpya ameitia bila kuambiwa. Miche nimeileta nyumbani kwenye kopo. Mama ameigusa kwa kidole kimoja, polepole.

Jumamosi, 21 Novemba. Bondeni

Tumefika.

Pale ukingoni, bonde lote lilifunguka mbele yetu na kwa muda nilisahau kwamba naendesha gari. Nimeliona mara nyingi. Bado halizoeleki. Mama alinigusa mkono, nikaweka gia ndogo na kuiacha injini ilishike gari. Sindano ikashuka. Tukatelemka kwenye joto, tukavuka mto maji yakigonga milango.

Mama Mkubwa amekuwa mdogo kama mtoto. Mama aliingia bila kubisha, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala kando yake. Wanaongea kwa kunong'ona na kucheka. Sijawahi kumsikia Mama akicheka hivyo. Nimetoka nje. Nimeangalia maji ya rejeta, ingawa hakukuwa na haja.

Jumapili, 22 Novemba. Asubuhi

Nimemwambia Mama tuondoke mapema, tupande kukiwa na baridi. Nikamweleza yote: rejeta, themostati, kwamba safari hii hatutachemka. Alinisikiliza vizuri sana.

"Panda wewe," akasema. "Mimi nimefika."

Nimebishana. Nimekasirika. Wiki nzima nimehangaikia mlima ambao yeye hakuwa na nia ya kuupanda. Angeniambia. Lakini angeniambia, ningemleta? Sidhani.

Ameniwekea kibuyu cha maziwa kwenye kiti chake.

Jioni

Nimepanda Tambach peke yangu. Kona zote. Sindano imekaa katikati, haikutikisika.

Juu nilisimama. Injini haikuwa na shida yoyote. Niliizima tu, nikashuka, nikakaa kwenye nyasi nikilia. Upande ule wa mto moshi wa jikoni ulianza kupanda, mmoja, halafu mwingine, halafu mingi. Sikuweza kujua upi ni wa Mama na dada yake.

Baadaye nikawasha gari nikarudi nyumbani.