Kwa Kaka Elia, Kuhusu Boti Niliyoishuku

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kwa tulivyolelewa siwezi kukusemesha bila kukuamkia.

Leo mkanda wa mashine yangu ya kukamua alizeti umekatika, nikafunga mapema. Nimekaa hapa Singida mjini kuandika jambo nililolikwepa tangu tukuzike.

Unakumbuka uliponiomba nikufuate Tanga? Ulikuwa umevua miaka minne kwenye boti za watu, sasa ulitaka ya kwako, ya kwenda maji marefu kutafuta jodari. Ukaniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, wewe hata mchele huununui mpaka uuvunje kwa jino. Njoo tuchague wote." Bahari nilikuwa sijaiona hata siku moja. Lakini injini naijua, na wauzaji nawajua zaidi, nikaja.

Boti zilikuwa mbili, na mashine zake zilikuwa za nguvu sawa. Ya kwanza ilikuwa ya faiba, nyeupe, nyembamba, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyecheka kabla hujamaliza sentensi. Ya pili ilikuwa ya mbao, pana, ya bluu, mali ya Mzee Salumu ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha. Mfanyabiashara alituzungusha asubuhi, bahari imetulia. Faiba ilipaa. Kukata kona, ukigusa tu usukani imeshageuka. Mafuta yalipungua kidogo mno. Mchana upepo ulipoamka, tukapanda ya mbao. Ilikwenda polepole, ikachelewa kugeuka, na ikanywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Wewe ulikuwa umeshaamua, nilikuona usoni. Mimi nikasema turudie kesho, saa ileile kwa zote mbili, njia ileile kwenda na kurudi, na kila moja ibebe viroba vya mchanga vyenye uzito wa barafu na samaki.

Mfanyabiashara akacheka. "Dada, umetoka kwenye alizeti juzi tu, unataka kunifundisha boti?"

"Hata mashine ya alizeti ikiwa tupu hainywi mafuta," nilimjibu. Ukaangalia chini kwa aibu.

Kesho yake nilichora mstari kwa kalamu kwenye kila tangi kabla hatujaondoka. Faiba ilipobeba mzigo ilipiga mawimbi kama mtu anayepigilia misumari. Mgongo uliniuma wiki nzima. Tulipokaa ubavu kwa mawimbi, maji yakaingia mpaka miguuni. Ya mbao ilipanda wimbi na kushuka kwa utulivu, nawe ukaweza kusimama bila kushika kitu. Kwenye mafuta faiba bado ilishinda, ila kwa upana wa kidole tu. Ulinitazama, ukasema, "Haya, umenifungua macho."

Tungeishia hapo tungeachana vizuri. Lakini mimi nikaanza kuigonga boti ya Mzee Salumu ubao kwa ubao, nikakuta sauti tofauti karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Nikakwangua rangi. Palikuwa na kiraka.

Mzee hakubabaika. "Niligonga mwamba, nikaiziba mwenyewe. Haijavuja tangu hapo. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikakuvuta pembeni, nikakwambia huyu ni mwongo mtulivu, na mwongo mtulivu ndiye mbaya zaidi. Ukanijibu, "Ukimshuku kila mtu, utabaki na nani?" Ukainunua. Nilipanda basi bila kukuaga, na mwaka mzima tukawa tunazungumza kupitia kwa mama.

Siku niliyopigiwa simu kuwa umetutoka, sikuuliza umekufaje. Nilikata, nikamwambia mama pale pale, "Ile boti imemuua." Nilisafiri mpaka Tanga na neno hilo mdomoni.

Mzee Salumu nilimkuta ufukweni, nikamkabili bila hata shikamoo. Nikamwambia ameua. Akanionyesha boti iko mchangani, kavu. Ulikuwa unaosha nyavu asubuhi, alisema, ukashika kifua, ukaanguka. Yeye ndiye aliyekupakia kwenye bajaji na kukufikisha hospitali. Sikumwamini. Nikaenda hospitali, nikasoma karatasi, nikamuuliza muuguzi mara mbili kwa maneno tofauti. Nikarudi, nikajiingiza chini ya boti na kukibonyeza kile kiraka kwa vidole vyote. Kikavu. Mzee alikaa pembeni akaniacha nikague mpaka nikachoka.

Kisha akasema, "Mwanangu, uliza lililobaki."

Nilipanda ndani ya boti nikaona tangi lako. Lilikuwa limejaa mistari ya kalamu, mmoja juu ya mwingine, na pembeni umeandika siku kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto. Kila safari ulikuwa unapima kama nilivyopima mimi, na hukuniambia. Hapo ndipo nililia, kaka, nikamwamkia mzee wa watu nikiwa nimechelewa siku nzima.

Boti nimemwachia aisimamie na vijana wake mpaka tutakapoamua. Simshuku tena, au nashuku kidogo. Ninayemshuku sasa ni wewe. Mzee aliniambia kifua kilikuwa kinakusumbua miezi kadhaa. Hukutaja kwa mama, hukutaja kwangu. Nadhani uliogopa maswali yangu. Nadhani uliona heri maumivu kuliko kuhojiwa na mimi, na hilo siwezi kwenda kulikagua popote.

Mama nilimwacha na ule uongo wangu muda mrefu. Alikuwa anamlaani mzee asiyemjua kila anaposali. Jumapili, tukichambua mchicha, akaniuliza tena, "Hivi mwanangu aliuawa na nini?"

Nikamwambia, "Ni moyo, mama. Boti ilikuwa nzima." Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno langu la shaka, "wanasema."

Pumzika, kaka.

Ni mimi mdogo wako, wa mwisho kuzaliwa.