Kitambaa cha Majivu

Goma, Quartier Katoyi
Tarehe 16 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Moïse,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye mawe meusi. Wewe na mama watoto mnaendeleaje huko Kampala? Kifua cha Bénita kimepona, au bado anakohoa mvua ikinyesha? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Maji ya bomba yamerudi tangu wiki jana, na mume wangu amepata kazi ya ujenzi kule Himbi. Baba yako, papa mukubwa Célestin, yuko hai. Hilo nalitanguliza ili usisome yanayofuata huku moyo ukikuruka.

Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kujitetea. Barua hii nimempa Dancille, yule mama anayechukua vitenge huko kwenu. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho.

Unajua papa mukubwa alivyo na hadithi zake. Miaka yote ile aliyoendesha Fuso kati ya Butembo na Kisangani, kabini ilijaa vitabu vya Kifaransa vilivyochanika majalada: watu wanaohamia sayari nyingine, mashini zenye akili, merikebu zinazopita katikati ya nyota. Tulipokimbia vita mwezi wa kwanza, vitabu vyote vilibaki nyumbani Lac Vert, na tuliporudi hatukukuta hata kimoja. Tangu hapo akawa anakaa mlangoni, macho yameingia ukungu, hasemi na mtu. Chakula unampa, anakirudisha nusu.

Mwezi wa saba nikapata wazo. Pale kwenye secrétariat ninapochapia watu barua na maombi ya kazi, ninatumia ile akili bandia ya kwenye simu. Unaiuliza, inakujibu kama mtu. Nikaiambia: niandikie hadithi ya mzee wa miaka sabini na mbili, dereva wa zamani, anayependa mambo ya nyota. Ikaandika. Nikaichapa kwa herufi kubwa, kurasa nne, nikampelekea. Moïse, alisoma akicheka peke yake! Siku ile alimaliza sahani ya sombe akaomba nyingine. Nikampelekea ya pili, na ya tatu.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuletea haya. Aliomba yeye mwenyewe kwamba sayari yake iwe na mashimo ya mazuku, hewa ile mbaya inayotuama mabondeni kama ilivyo hapo kwake. Mashini ikaandika juu ya kapteni mmoja mwanamke ambaye watu wake walilowesha vitambaa kwenye maji ya majivu, wakajifunga puani, wakapita ndani ya ile hewa salama. Na maelezo yake yalikuwa matamu, kaka: jinsi majivu yanavyokunywa gesi, jinsi mtu anavyopata dakika ishirini. Ungedhani ni somo la shule.

Siku chache baadaye alinipigia simu. Nilikuwa na watu sita kwenye foleni na courant ya umeme ilikuwa inataka kukatika.

“Béné, hii ya kitambaa iko kweli?”

“Njo, papa, iko kweli,” nikamjibu. “Ile mashini inajua vyote.”

Ni maneno hayo tu. Sikuinua hata macho kutoka kwenye kibodi.

Alhamisi tarehe 4, asubuhi saa mbili, baada ya mvua, upepo hakuna, jirani yake mmoja, Mukamugema, mama aliyekimbia kutoka Masisi, alishuka kwenye lile shimo nyuma ya shamba lenu kukata majani ya sungura. Alianguka kwenye mteremko, mkono wake ukaonekana tu juu ya nyasi. Watu walikusanyika ukingoni wakipiga kelele, na hakuna aliyethubutu. Unajua wamezika wangapi pale.

Papa alivua shati. Akalitia kwenye ndoo, akamwaga majivu ya jiko, akajifunga usoni. Kisha akachukua ile kamba nene aliyokuwa akivutia magari yaliyokwama, akaifunga kiunoni, akamkabidhi Hitimana, fundi viatu wa pale jirani, ncha ya pili. Hitimana anasema alimkataza. Papa akamjibu kwa sauti ya ndani ya kitambaa: “Hapana ogopa, niko na dakika makumi mbili.”

Alimfikia yule mama, akamsukuma juu kwa makwapa mpaka watu wakamdaka mikono. Halafu hewa ikamshinda. Alianguka kifudifudi, akateleza kuelekea chini, Hitimana na wanaume watatu wakavuta kamba mpaka viganja vikachubuka.

Hitimana akanipigia. Nilisikia neno “mazuku”, jina la papa na la kituo cha afya, sikusikia lingine. Nilichukua pikipiki bila kofia, bila kufunga mlango wa kazi. Njia nzima hadi kituo cha afya nilikuwa nahesabu amekaa shimoni muda gani: kama ni dakika kumi, kama ni kumi na tano. Nilimkuta na mpira wa oksijeni puani, midomo rangi ya jivu, mguu mmoja unatetemeka wenyewe. Mukamugema alikuwa kitanda cha pili, anatapika, lakini anajua jina lake. Baba yako hakulijua la kwake mpaka kesho yake adhuhuri.

Alipofumbua macho, neno la kwanza alilosema ni: “Kitambaa kilifanya kazi.”

Na wote waliokuwa pale wakapiga makofi. Mukamugema akalia, akambusu mkono. Mimi niliyemjibu njo bila kujua lolote nilisimama na bakuli la uji, nikanyamaza. Nilijiambia mgonjwa asisumbuliwe, furaha nayo ni dawa. Siku tisa nilinyamaza, kaka. Usiku nilikuwa silali, na mchana nilitabasamu watu walipomwita shujaa.

Jumamosi iliyopita, papa akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, nilimpelekea mchuzi wa samaki wa Vitshumbi. Nilipokuwa napita kwenye vibanda vya wakimbizi nikaona kitu mlangoni pa kila kimoja: bidon ya plastiki iliyokatwa, maji ya kijivu, kitambaa kinaloweka. Nikamuuliza mama mmoja ni vya nini.

“Ni vya muzee Célestin,” akaniambia kwa furaha. “Kule shimoni majani iko marefu, hakuna mutu anakatako. Kesho asubuhi tunashuka wote.”

Kesho asubuhi, Moïse! Nilikaa juu ya jiwe, nikatoa simu, nikatafuta ile hadithi nione kama kuna namna yoyote iwe kweli. Chini ya neno la mwisho nikakuta mistari mitatu ambayo papa hakuiona kamwe. Mashini ilikuwa imeandika kwamba mambo ya kitambaa ni ya kubuni, hayamkingi mtu na mazuku halisi, na kwamba mtu asiingie kwenye shimo la namna hiyo kwa hali yoyote. Mistari ile niliikata mwenyewe nilipochapa. Ilikuwa inamwagikia kwenye ukurasa wa tano, nami nilidhani ni yale maneno yake ya adabu ya siku zote. Sikuisoma.

Niliingia kwa papa nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu:

“Nilikuuliza kwenye simu?”

“Uliniuliza.”

“Na ukanijibu njo.”

“Nilijibu njo, papa.”

Akaniambia nimpe fimbo. Nilimsihi apumzike, mimi nitawaambia. Akasema hawatamsikiliza mtu ambaye hakushuka shimoni. Tulikwenda polepole mpaka kwenye bomba la maji la wakimbizi, akisimama kila hatua kumi kutafuta pumzi. Akina mama walipomwona wakapiga vigelegele. Akangoja mpaka vikaisha.

“Kitambaa ni bongo, ni uongo,” akasema. “Mwageni ile maji.”

Hawakukubali. Mukamugema mwenyewe akasema: “Papa, siye wewe ulinitoa? Na wewe uko hapa.”

“Nilikukuta juu, kwenye mteremko. Nilipofika chini kidogo, nilivuta pumzi mbili tu. Mbili! Nikajikojolea kama mutoto, nikaita mama yangu aliyekufa. Uliza Hitimana.”

Hitimana alitazama chini. Alitaka kumfichia heshima yake, niliona. Lakini papa alimkodolea macho mpaka akasema: “Nilimuvuta kama gunia. Bila kamba tungemuzika.”

Halafu yule mama wa kwanza, aliyeniambia habari ya majani, akaenda akaipindua bidon yake kwa mguu. Wengine wakafuata. Jumapili asubuhi nilikwenda kulinda mwenyewe pale ukingoni tangu alfajiri. Hakuja mtu.

Tangu Jumamosi mpaka jana papa hakunisemesha. Watu pia hawamwiti shujaa tena. Wengine wanacheka kidogo, unajua watu. Nilimpelekea chakula, alikula bila kunitazama. Daktari anasema maumivu ya kichwa yatakaa naye, na kwamba asiishi peke yake. Nimemwomba ahamie kwangu Katoyi, bado hajajibu. Kama njia ya Bunagana itapitika mwezi wa kumi na mbili, jaribu kuja. Wewe atakusikiliza.

Jana, nilipokuwa naondoa sahani, alifungua kinywa. Alisema: “Mwandikie Moïse. Umwambie yote. Usinipunguzie ujinga wangu, na wako usijipunguzie.” Halafu akasogea kwenye benchi, akanionyesha pa kukaa. Tulikaa mpaka mchuzi uliobaki ukapoa.

Nisalimie mama Charline na watoto, umsalimie shemeji Prodige, na mama Léocadie ukikutana naye kanisani. Hitimana anakusalimu; viganja vyake vimeanza kupona. Mungu awafunike kwa mkono wake, awalinde njiani na nyumbani.

Mimi dada yako nikupendaye, ninayeomba unisamehe,

Kahindo Bénédicte