Baruti ya Bunduki ya Baba

Bawshar, Maskat

Kwa dada yangu mpenzi Balqis,

Assalaam alaykum. Nnataraji barua hii itakukuta na afya, na lile goti limeacha kukutesa kwenye ngazi za nyumba ya Malindi. Sisi huku hatujambo, ila joto limeanza mapema. Wifi yako Mahbuba anakusalimu sana, anasema ile achari uliyotuletea imekwisha na lawama zote ni zangu. Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Jirani yetu Alaa anakuja Unguja likizo, nikaona nimpe barua pamoja na tende na halua. Ujumbe wa sauti katika nyumba hii husikilizwa na kila mtu, na mengine nataka uyasome peke yako. Mwandiko umekuwa mdogo, uvumilie.

Nianze na khabari za bunduki, maana najua utauliza. Wajua kila mwaka baada ya Idi jamaa zetu hukutana kulenga shabaha, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Kwa nyumba yetu alikuwa akipiga Baba, kisha mimi, kwa bunduki ileile ya Baba. Mwaka jana nikashika mkia. Mkia, dada! Fahd, binamu yetu asiyejua kufunga mdomo, akasema mbele ya watu kwamba bunduki hiyo sasa itundikwe ukutani, na kama safari hii hatupigi la maana basi nyumba yetu ije kupika tu. Roho iliniuma. Nikaapa kwamba nyumba ya Baba haitaondoka uwanjani kwa maneno ya Fahd.

Nikaamua kujaza risasi mwenyewe, kwa kibali, katika chumba cha klabu yetu. Risasi za dukani hutengenezwa kwa bunduki ya yeyote. Ukijaza mwenyewe unachagua baruti inayopatana na bunduki yako. Yaarub, msimamizi wa chumba hicho, aliniambia tangu mwanzo kwamba asipokuwepo yeye sitatia hata chembe, na kwamba vipimo ni vya kitabu cha watengenezaji, si vya ubishi wangu. Ni mtu mkali, lakini ana haki.

Mahbuba alidhani baruti ni baruti. Nikamwambia ni kama mchele, kila mmoja na maji yake. Kuna inayowaka haraka, inayofaa risasi nyepesi, na inayowaka polepole, ya risasi nzito kama zetu. Ya kwanza niliyoichagua ilikuwa ya chembe za mviringo, inamiminika vizuri kwenye mizani, nikaipenda. Asubuhi ikapiga uzuri kabisa. Jua lilipopanda, na risasi nazo zikaanza kwenda juu. Kumbe najaza ndani ya chumba chenye kiyoyozi, halafu naziacha risasi garini katika jua la Maskat! Yaarub alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hata samli ya mama yake ina sura mbili, ya chumbani na ya jikoni. Akanishauri nitafute baruti isiyobadilika kwa joto.

Ya pili ilistahamili joto, lakini ilijaza ganda la risasi nusu tu, ikawa kila mara inalala humo kwa namna yake, na risasi moja haifanani na mwenzake. Ya tatu ni ya vijiti vidogo vidogo, inalijaza ganda karibu mpaka shingoni, na joto hailijali. Nikabadilisha baruti tu, mengine yote nikayaacha vilevile, maana ukibadilisha mawili hujui lipi lililokuponza. Nikaenda kupiga nna matumaini makubwa. Loo! Matundu yametawanyika kama kuku waliofukuzwa jikoni. Nikailaumu baruti, nikalaumu fataki inayoiwasha, nikalaumu upepo, nikamlaumu hata Yaarub, Mungu anisamehe. Mwisho nikasema maneno yaleyale aliyoyasema Baba siku alipoacha kulenga: bunduki imechoka.

Ijumaa iliyopita Mahbuba alifuatana nami. Akachoka kukaa akinitazama nikinuna, akaomba na yeye apige. Kibali anacho, na alifundishwa na baba yake tangu usichana wake, lakini miaka hajagusa bunduki. Nikampa risasi tano zilizobaki, za sanduku lilelile. Akalala chini, akatulia, akapiga. Tulipokwenda kutazama, matundu yote matano yakafunikwa na kikombe cha kahawa. Nilipiga kelele za furaha, wallahi, nikamkumbatia mbele ya Yaarub bila ya haya. Baruti tumeipata! Tukawa tunarudi kwenye gari, yeye anacheka na kupanga maneno ya kwenda kumwambia Fahd, ndipo nilipofahamu. Bunduki ileile, baruti ileile. Kilichobadilika ni kimoja tu.

Jumatatu nikaenda hospitali peke yangu. Mahbuba nilimwambia napeleka gari gereji. Daktari akaniambia nitembee, akaniambia nigonge vidole, kisha akautazama mkono wangu wa kulia uliokuwa umepumzika pajani, nao haukuwa umepumzika. Ni maradhi ya Baba ya kutetemeka, dada. Yameanza tu, na dawa zipo, lakini ni yaleyale. Nimeogopa, sikufichi. Na Baba nimemfahamu sasa. Bunduki haikuwa imechoka.

Baada ya Idi atakayepiga kwa nyumba yetu ni Mahbuba. Nimeshamwambia, anadhani namtania. Sababu sijamwambia, kila nikianza nageuza mazungumzo. Nataka uwepo nitakapomwambia, kwa hiyo njoo kabla ya Idi. Na kama goti halikuruhusu, basi niandikie jambo moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfunga Baba vifungo vya kanzu kule Darsait, hapahapa Maskat, kabla hujarudi Unguja, na sikumwona hata siku moja akiona haya. Niandikie ulikuwa ukifanyaje. Mahbuba itabidi ajifunze kufunga, na mimi nijifunze kufungwa.

Wasalimie wote wa nyumbani, na halua usiwafiche. Mungu akuweke, dada yangu.

Nduguyo akupendaye,
Ghanim